Nne imekataa: uchambuzi wa swali moja la faktoriali

Kisa hiki kilitokea kaunti ya Kisumu, kwenye shindano dogo la hisabati lililokutanisha shule nne za sekondari. Mimi nilikuwa mmoja wa watunzi wawili wa maswali, na papo hapo mwalimu wa shule mwenyeji, kwa hiyo lawama nyingi humu ni zangu. Majina ya shule, walimu na wanafunzi nimeyaacha, mwaka pia, na mambo mawili matatu nimeyageuza ili mtu asitambulike. Hesabu zenyewe sijazigusa.

Usuli

Klabu yetu ya hisabati hukutana Alhamisi baada ya michezo, katika darasa la kidato cha tatu ambalo nusu ya madirisha yake hayafungi. Muhula huo tulikuwa tumeanza faktoriali. Ukiona 5! maana yake ni 1×2×3×4×5, yaani 120. Alama hiyo ya mshangao ilianza kutumiwa na Mfaransa Christian Kramp mwaka 1808, na wanafunzi huipenda kwa sababu inafanya nambari ionekane kama inapiga kelele. Kelele yenyewe si bure. Niliwauliza abiria 14 wanaweza kuketi kwa njia ngapi tofauti katika viti 14 vya matatu. Jibu ni 14!, yaani 87,178,291,200. Darasa zima likacheka, mmoja akasema makanga wa stendi ya Kondele hangevumilia.

Nambari tasa walikuwa wanazijua tangu shule ya msingi, ila kwa kukariri. Tukazirudia kwa vifuniko vya soda. Chukua vifuniko 12: unaweza kuvipanga safu 3 za vifuniko 4, au safu 2 za vifuniko 6. Chukua 7: hata ufanyeje, utabaki na mstari mmoja mrefu. Saba ni tasa, kumi na mbili si tasa. Moja tunaiweka kando, haiko kundi lolote kati ya haya mawili.

Siku moja mvulana wa kidato cha tatu akaunganisha mambo hayo mawili bila kuombwa. Alikuwa anachezea kalkuleta, akaona kuwa 5! inagawika kwa 6 bila baki, 7! inagawika kwa 8, 9! inagawika kwa 10. Akasema kila nambari isiyo tasa humezwa na faktoriali ya jirani yake wa chini. Nilipenda namna alivyolisema. Nililipenda mno, kama itakavyoonekana.

Swali na mwongozo wake

Wiki mbili kabla ya shindano niliketi na mwenzangu wa shule nyingine, nitamwita mtunzi wa pili, kwenye ofisi ya walimu wakati wa chai ya saa nne. Kila mwanafunzi angejibu maswali matano ya alama 10 kila moja, na kila shule ingeleta wanafunzi wanne. Karatasi iliandikwa kwa Kiingereza kama kawaida, ila hapa nayaweka kwa Kiswahili. Swali la nne lilikuwa hivi:

(a) Onyesha kuwa 6 inagawanya 5! na kuwa 10 inagawanya 9!. (alama 2)

(b) Thibitisha kuwa kila nambari n isiyo tasa, kubwa kuliko 1, inagawanya (n−1)!. (alama 6)

(c) Je, nambari tasa p yaweza kugawanya (p−1)!? Toa sababu. (alama 2)

Mwongozo wa kusahihisha sehemu ya (b) niliuandika mwenyewe, mistari minne. Kama n si tasa, basi n = a×b, ambapo a na b zote ni kubwa kuliko 1 na ndogo kuliko n. Kwa hiyo a imo katika orodha 1, 2, 3 hadi n−1, na b imo pia. Zao la orodha nzima ni (n−1)!, na ndani yake mna a na mna b. Basi a×b, yaani n, inaigawanya. Kwisha.

Mtunzi wa pili alisoma huku anamalizia mandazi, akajaribu 12, akajaribu 15, akasema safi. Mimi nilikuwa nimejaribu 6, 8, 10 na 14. Hakuna kati yetu aliyerudi nyuma ya 6, kwa sababu (a) ilianzia 6 na macho yetu yakaanzia hapo pia.

Siku ya shindano

Ilikuwa Jumamosi. Wanafunzi 16 waliketi katika ukumbi wa chakula, meza mbalimbali, harufu ya maharagwe ya jana bado ipo. Dakika ya arobaini hivi, msichana wa kidato cha pili kutoka shule ya pili aliinua mkono. Ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote ukumbini. Mtunzi wa pili ndiye aliyekuwa anasimamia upande ule. Msichana akamwambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hii swali iko na shida. Nne imekataa."

Kanuni tuliyokubaliana asubuhi ilikuwa moja: hakuna kujadili maswali chumbani. Ni kanuni nzuri, huzuia msimamizi kumdokezea mmoja na kumwacha mwingine. Mtunzi wa pili alimjibu, "Fanya vile imeandikwa," akaendelea na mzunguko wake. Baadaye aliniambia alidhani msichana anasema swali la nne limemshinda.

Kusahihisha na kutangaza

Tulisahihisha mchana huohuo tukiwa watu watatu, kwa mwongozo wangu. Wanafunzi tisa kati ya 16 walipata alama zote sita za (b), kwa sababu waliandika ule ule mfuatano wa mistari minne. Watatu kati yao walikuwa wa kwangu, na sikushangaa, maana hoja hiyo ilizaliwa kwenye klabu yetu. (Naandika hili waziwazi kwa sababu ni kasoro ya pili, nayo haina uhusiano na hesabu: mtunzi asitoe kwenye shindano jambo ambalo timu yake imelichezea wiki mbili kabla.)

Karatasi ya yule msichana, sehemu ya (b), ilikuwa na mstari mmoja tu:

Si kweli. n = 4. 3! = 6. 6 ÷ 4 = 1 baki 2.

Aliyeisahihisha ni mimi. Niliona mstari mmoja mahali nilipotarajia minne, sikuona a wala b, nikaweka sifuri. Nilitumia labda sekunde tano. Nilikuwa nimebakiza rundo, na watoto walikuwa wanangoja basi.

Sehemu ya (c) nayo ilitushangaza kwa namna nyingine. Wanafunzi watatu, kutoka shule mbili tofauti, waliandika kuwa ndiyo, nambari tasa yaweza, na wote watatu wakatoa mfano wa 19. Tuliwapa sifuri bila kujiuliza imekuwaje wote wafikie nambari ileile. Nitarudi kwa hao.

Matokeo yalisomwa saa kumi. Shule mwenyeji, yaani sisi, 131 kati ya 200. Shule ya pili, 128. Kikombe kikabebwa juu, picha zikapigwa, mwalimu mkuu akasema maneno.

Mstari mmoja

Wakati viti vinapangwa, msichana alikuja na mwalimu wake. Mwalimu wake hakusema kitu, alimwacha aongee. "Mwalimu, samahani. Naomba unioneshe vile nne inaingia kwa sita."

Nilichukua karatasi nikiwa na jibu tayari mdomoni. Nne ni 2×2, 2 imo katika orodha 1, 2, 3, kwa hiyo... Hapo nikanyamaza. Orodha ilikuwa 1, 2, 3. Nilihitaji 2 mara mbili na niliiona mara moja. Nilikuwa nimempa abiria mmoja tiketi mbili.

Nilimwambia ana haki. Nilimwambia pia kwamba sijui bado nitafanya nini kuhusu matokeo, na kwamba nitampigia madam wake simu kabla ya Jumatatu. Nadhani hayo ndiyo maneno pekee ya siku ile nisiyoyajutia.

Tulichoamua, na kwa nini

Usiku niliketi na kalamu. Jambo la kwanza lilikuwa kujua ukubwa wa shimo. Mwongozo wangu ulisema a imo na b imo. Maneno hayo yanatosha kama a na b ni nambari mbili tofauti, kwa sababu kila moja ina kiti chake katika orodha. Zikilingana, a na b wanagombea kiti kimoja.

Kwa hiyo nilijiuliza: ni nambari zipi zisizo tasa ambazo haziwezi kuandikwa ila kwa a na b zinazolingana? 16 ni 4×4, lakini pia ni 2×8, kwa hiyo haina tatizo. 36 ni 6×6, lakini pia ni 4×9. 27 ni 3×9. Wanaobaki ni miraba ya nambari tasa tu: 4, 9, 25, 49, 121 na kuendelea. Hizo zote mwongozo wangu haukuzigusa.

Nikajaribu 9. Orodha ni 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8. Nahitaji 3 mbili. Ya kwanza ni 3 yenyewe. Ya pili imejificha ndani ya 6, kwa sababu 6 ni 2×3. Basi 3×6 = 18, na 9 inaigawanya 18. 8! ni 40,320, ukigawa kwa 9 unapata 4,480 kamili. Nikajaribu 25: 5 ipo, 10 ipo. Kwa 49: 7 ipo, 14 ipo. Kwa mraba wowote wa nambari tasa p, ninachohitaji ni kwamba p na 2p zote ziwe ndogo kuliko p×p. Na 2p ni ndogo kuliko p×p kila wakati p inapozidi 2. Ikiwa p ni 2, basi 2p ni 4, yaani n yenyewe, na orodha inaishia 3. Nne inasimama mlangoni, hatua moja nje.

Kwa hiyo dai lilikuwa la uongo kwa nambari moja tu kati ya nambari zote zilizopo. Uthibitisho wangu ulikuwa mbovu kwa nambari zisizo na mwisho. Tofauti hiyo ilinichukua muda kuikubali. Kwa 9 na 25 dai langu lilikuwa kweli, ila sikuwa nimelithibitisha, na wale tisa waliopata sita juu ya sita hawakuwa wamelithibitisha pia.

Jumapili tulizungumza kwa simu walimu wote wa shule nne. Kulikuwa na njia tatu mezani.

Ya kwanza: tuache. Mwalimu mkuu wangu alielekea huko. Matokeo yameshatangazwa, maji yamemwagika, na hili ni shindano la kirafiki tu. Mimi nilikataa kwa sababu rahisi: aliyefaidika na kosa langu ni shule yangu. Kama kosa lingetuumiza sisi pengine ningeweza kulimeza. Lilivyokuwa, kunyamaza kungeonekana wizi, na kungekuwa wizi.

Ya pili: tufute sehemu ya (b) kwa wote. Mwalimu wa shule ya nne aliipendekeza, na wengi hukimbilia hapo swali likiharibika. Lakini kufuta kungemnyima alama mtu pekee aliyejibu sawasawa. Watu 15 hawakuona kitu, mmoja akaona, halafu tuseme swali halikuwepo?

Ya tatu: tusahihishe upya. Hapa ndipo tulipobishana hasa, na ubishi ulikuwa wa hesabu, si wa kikombe. Mtunzi wa pili aliniuliza, "Omera, unampa mtoto alama sita kwa kugawa sita kwa nne? Hiyo ni kazi ya darasa la tatu." Nilimjibu kuwa swali lilisema kila nambari. Mtu akidai kwamba kila samaki wa ziwa hili ana magamba, ukileta kamongo mmoja ambaye ngozi yake haina magamba ya kuonekana, huna haja ya kuleta wa pili, wala ya kueleza ngege wana magamba ya aina gani. (Baadaye mwalimu wa baiolojia alinisuta: kamongo ana magamba, ni madogo na yamezama kwenye ngozi. Mumi ndiye hana. Hata mfano wangu wa kuvunja dai ulikuwa na kasoro.) Dai la kila moja huvunjwa na mfano mmoja, na mfano huo ukiwa kamili, jibu ni kamili. Urefu wa jibu hauna alama.

Alikubali, lakini akauliza la maana zaidi: na wale tisa? Wamepata sita kwa kuthibitisha jambo la uongo. Kwa haki ya hesabu, walistahili alama tatu au nne kwa ile sehemu iliyosimama, yaani a na b tofauti. Tuliamua tusimpunguzie mtu. Sababu yetu: waliambiwa thibitisha, na mwanafunzi mtihanini huamini kwamba aliyemwambia athibitishe amehakikisha kuwa jambo ni kweli. Kosa letu lisimtoze yeye. Basi tukaongeza tu, hatukutoa. Shule ya pili ikawa 134, sisi tukabaki 131.

Jumatatu nilipanda matatu ya barabara ya kuelekea Ahero na kikombe kwenye mfuko wa kaki mapajani. Kondakta aliniuliza kama nimeshinda nini. Nikamwambia narudisha.

Kikao cha pamoja

Badala ya kuandika barua ya maelezo tuliomba klabu mbili zikutane, Alhamisi iliyofuata, shuleni kwa yule msichana. Lengo langu lilikuwa kueleza kosa. Wanafunzi walilipitia kwa dakika kumi, wakalichoka, wakataka kujua jambo lingine: hao watatu wa 19 walipata wapi 19?

Mmoja wao alikuwepo. Akatoa kalkuleta akaonesha. 18! ikatokea kama 6.402373706×10¹⁵. Akagawa kwa 19, ikatokea 3.369670371×10¹⁴. Hakuna baki inayoonekana baada ya nambari ile, kwa hiyo 19 imeingia. Alikuwa amejaribu 5, 7, 11 na 13 kwanza, zote zikampa desimali waziwazi, 19 ikaonekana kuwa ya ajabu, na kwa mtihani akachagua ya ajabu.

Kioo cha kalkuleta hiyo kina nafasi ya tarakimu 10. 18! ina tarakimu 16. Jibu sahihi la 18! ÷ 19 ni 336967037143578 na desimali zinazoanza 0.947, lakini desimali hizo ziko mbali upande wa kulia, zimezikwa. Mashine haikudanganya, ilikata mkia. Mtoto alisoma mkia uliokatwa kama mkia usiokuwepo. Tulikuwa tumewapa sifuri watu watatu bila kuwaambia hilo, na kwangu mimi hilo ni baya karibu sawa na lile la 4.

Msichana wetu ndiye aliyependekeza tufanye bila mashine. Hatuhitaji 18! nzima, alisema, tunahitaji baki tu. Basi tukazidisha hatua kwa hatua, na kila tulipopita 19 tukaitupa. 1, 2, 6. Mara 4 ni 24, tupa 19, inabaki 5. Mara 5 ni 25, inabaki 6. Mara 6 ni 36, inabaki 17. Mara 7 ni 119, tupa 114, inabaki 5. Mara 8, inabaki 2. Mara 9, inabaki 18. Kisha 9, 4, 10, 16, 15, 16, 9, 1, na mwisho mara 18: baki 18.

Si sifuri. Na sababu ya jumla si ngumu. Nambari tasa ikigawanya zao, lazima igawanye mojawapo ya nambari zilizozidishwa. Hapa zote ni ndogo kuliko 19, hakuna hata moja inayogawika. Hiyo ndiyo iliyokuwa jibu la (c).

Lakini ubaoni kulikuwa na jambo ambalo mwongozo wetu haukulitaja. Mtu mmoja aliandika baki zote kwa safu, (n−1)! ikigawanywa kwa n:

n: 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8, 9, 10, 11
baki: 1, 2, 2, 4, 0, 6, 0, 0, 0, 10

Nambari zisizo tasa zinatoa 0. Nambari tasa zinatoa nambari moja chini yake: 5 inatoa 4, 7 inatoa 6, 11 inatoa 10, na 19 ilikuwa imetoa 18. Nne peke yake inatoa 2, si 0 na si 3. Haikukaa na hawa wala na wale.

Niliwaeleza kuwa sehemu ya nambari tasa ni jambo la kale. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Kairo, alilijua miaka elfu moja hivi iliyopita. Uingereza lilichapishwa na Edward Waring mwaka 1770, akalitaja kwa jina la mwanafunzi wake John Wilson, na uthibitisho wa kwanza ukatolewa na Lagrange mwaka uliofuata. Wilson mwenyewe aliacha hisabati akawa jaji. Wanafunzi walifurahia zaidi habari ya ujaji.

Mvulana wa kwetu, yule aliyeanzisha yote kwa kalkuleta, akauliza: basi hii ni mashine ya kutambua nambari tasa? Unahesabu baki, ikiwa sifuri si tasa, ikiwa moja chini ni tasa. Ni kweli, na haikosei. Ila kwa 1,000,003 ungezidisha karibu mara milioni moja. Ukijaribu tu kuigawa kwa nambari tasa zilizo chini ya 1,000, unazo 168 na umemaliza. Njia sahihi ambayo hakuna mtu angeitumia. Alikunja uso, nikamwelewa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi. Kwanza, msichana kupewa nafasi ya kuja mwenyewe. Mwalimu wake angeweza kuja kulalamika kwa niaba yake, na ningejitetea, maana walimu wawili wakikutana juu ya alama kila mmoja huvaa ngao. Swali la mtoto halikuwa malalamiko. Aliomba kuoneshwa, na nilipojaribu kumwonesha nikashindwa mwenyewe. Pili, kutofuta swali. Swali baya lilitupa kikao kizuri kuliko vyote vya mwaka ule, na lisingetupa kama tungelizika.

Kilichoshindwa, hasa katika hesabu. Kosa langu halikuwa kusahau 4. Kusahau 4 ni dalili. Kosa lilikuwa neno "pia" katika mwongozo: a imo, b imo pia. Neno hilo linadai kuna viti viwili. Ningejiuliza tu kama a na b wanaweza kuwa mtu mmoja, ningefika kwenye miraba, na kutoka kwenye miraba ningefika 4 bila kuitafuta. Wengi wakikisikia kisa hiki huniambia ningejaribu nambari ndogo zaidi. Ni kweli, na ningeokoka. Lakini ningeandika "n kubwa kuliko 4" juu ya uthibitisho uleule, dai lingekuwa kweli, na 9 ingebaki bila uthibitisho milele. Hakuna mwanafunzi ambaye angeinua mkono, kwa sababu 9 haikatai.

Kanuni ya kutojadili maswali chumbani nayo ilituponza, ingawa siifuti. Tunachofanya sasa ni kwamba mwanafunzi akidai swali lina kasoro, msimamizi humwambia aandike dai lake kwenye karatasi na aweke alama ya nyota pembeni. Msimamizi haongezi neno. Kila nyota husomwa na watu wawili kabla ya kuwekwa alama.

Kuhusu kusahihisha: mwongozo ulinifanya nitafute umbo badala ya kusoma. Niliona hakuna a wala b, nikaweka sifuri kwa jibu pekee sahihi katika karatasi 16. Katika mitihani yetu tumezoea alama ya njia na alama ya jibu, M1 na A1, na hiyo ni haki kwa kawaida. Lakini kuna maswali ambayo njia nzima ni nambari moja.

Kuhusu zile alama za wale tisa, bado sijatulia. Uamuzi wa kutopunguza ulikuwa wa huruma, na ningeupigia kura tena, lakini si uamuzi wa hisabati. Kuna watoto tisa wanaoshikilia karatasi inayosema wamethibitisha jambo la uongo kwa ukamilifu. Watatu kati yao nilirudi kuwaeleza uso kwa uso. Sita sikuwafikia.

Kabla ya kikao kuisha msichana alikuwa na swali moja la ziada. Aliona kuwa 10 haihitaji 9! yote, 5! inatosha: 120. Na 8 inatosheka na 4!, ambayo ni 24. Na 6 inatosheka na 3!. Akauliza kama kila nambari shufwa inatosheka na faktoriali ya nusu yake. Tukaandika n = 2m. Katika m! kuna 2, na kuna m. Viti viwili, zao lao ni 2m, yaani n. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ndiyo, nikajizuia, nikamwachia chaki. Akaandika m = 2, akapiga mstari chini ya hizo 2 mbili, akaandika kando: kubwa kuliko 4.

Ndilo lililokuwa swali la nne mwaka uliofuata.